Uso wa Nelly Siku ya Kutoka Nyumbani

Katoro,
Jumapili, 30 Juni 2024

Dada Nelly,

Shikamoo. Najua umeitikia, maana hata ukiwa huko ukweni Chato mimi bado ni mdogo wako na huna ujanja. Huku mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na Katoro nzima inanijua kwa jina. Nyumbani Ngokolo nilipiga simu juzi. Mama anahangaika na pamba, Bibi Limi anahangaika na kiuno, na wote wawili wanadai nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke, kana kwamba ulibeba kuta. Shemeji Damian nisalimie kama hajarudi mgodini. Mama mkwe wako mwambie anayempa shikamoo ni yule mpiga picha aliyekula sahani tatu za pilau, atanikumbuka.

Kitochi chako hakipokei picha, ndiyo maana umenilazimisha kushika kalamu, kazi niliyoiacha kidato cha pili na sikuwahi kuililia. Bahasha nimempa Charles, yule kondakta wa basi la Biharamulo. Nimemwambia akiikunja nitampiga picha akiwa amefumba macho na nitaibandika stendi.

Sasa sikiliza kazi niliyofanya, maana usipoambiwa utadhani picha zilizaliwa hivyo. Kamera unaijua, ile niliyoipata kwa fundi Eliya, ina lenzi moja yenye ukungu pembeni na flashi inayowaka ikijisikia. Halafu kamati yenu ya harusi ikaleta turubai la bluu. Dada, turubai la bluu ni adui wa mpiga picha. Watu wote walitoka kama waliozama majini siku mbili. Katekista wa bluu, keki ya bluu, wali wa bluu. Ukitoka nje ya turubai, jua la saa saba limesimama utosini na macho ya watu ni mashimo meusi. Mpiga picha mwingine angerudisha kamera kwenye begi akaomba soda.

Mimi nilirudi Katoro nikajifungia siku kumi na moja na simu yangu na chaji mbili. Ubluu nimeutoa uso mmoja baada ya mwingine. Mashimo ya macho nimeyatia mwanga kidogo kidogo, ukizidisha mtu anakuwa kama amepakwa unga. Nguzo ya umeme iliyoota kichwani kwa katekista nimeing'oa. Waliokuwa wamenuna nimewachekesha. Kuna programu, unagusa mdomo tu mtu anatabasamu. Bibi Limi nimempa meno, yote thelathini na mbili.

Ile yako unatoka mlangoni, Mama yuko pembeni amejifunika khanga usoni, ndiyo kazi yangu kubwa. Hiyo sikuiachia programu. Nilichukua kicheko chako mwenyewe kwenye picha ya juzi yake, ile ulipokuwa unanicheka nilivyoteleza na ndoo, nikakihamisha macho na mdomo mpaka pale mlangoni. Hata wewe hutaona pa kuunganishia. Hiyo nimekutengenezea nakala kubwa ya ukutani. Seti nyingine nimempelekea Mama.

Niandikie ukinisifu. Usipojua maneno ya kunisifu uliza mtu.

Ni mimi, Jilala,
mpiga picha namba moja Katoro. Namba mbili bado hajazaliwa.


Chato,
28 Julai 2024

Mdogo wangu Jilala,

Marahaba. Bahasha ilifika haijakunjwa, Charles alinikabidhi kwa mikono miwili kama anatoa sadaka. Huku tuko salama. Damian alikaa wiki mbili baada ya harusi akarudi kazini upande wa Kahama. Zamu yao ilikuwa wiki sita lakini imesogezwa kidogo. Mama Damian hajambo, magoti tu yanamsumbua kukiwa na baridi ya asubuhi. Hapa nyumbani tunakaa sisi wawili, basi kazi si nyingi. Nafagia, napika, nafagia tena. Ukipiga simu usishangae nikikujibu kwa mkato, simu inashika mtandao sebuleni tu, na sebuleni kuna mwenyewe.

Picha nimeziona. Rangi ni nzuri, na nguzo kweli imetoka. Ya Bibi nimecheka peke yangu jikoni mpaka Mama Damian akaja kuuliza kuna nini.

Ile kubwa ameiwekea fremu. Ametoa saa ya ukutani akaiweka hapo, ukiingia tu unakutana nayo. Kila mgeni anasimama chini yake anasema, tazama bibi harusi alivyokuja kwa furaha. Mimi niko pembeni nimeshika birika.

Naomba kitu kimoja. Nitumie ile ya mlangoni kabla hujaigusa. Hata kama ni ya bluu, hata kama macho ni mashimo. Moja tu.

Kula vizuri. Hayo ya kunenepa siyaamini.

Dada yako,
Nelly


Katoro,
25 Agosti 2024

Dada Nelly,

Shikamoo tena. Mimi mzima, wanaoumwa ni washindani wangu. Juzi juzi nilikuwa na harusi Nyarugusu, ya mnunuzi mmoja wa dhahabu. Bibi harusi aliingia na magari saba na kila gari alitaka lipigwe picha peke yake kama ni shangazi yake. Nimejifunza kitu: ukiwa huna flashi ya maana, unamsimamisha mtu kwenye kivuli cha ukuta mweupe, ukuta unamrudishia mwanga usoni bure. Wenye kamera kubwa walikuwa wanaunguza watu juani, mimi nimetulia na ukuta wangu.

Ombi lako nimelisoma. Kabla sijaigusa? Dada, mtu amekupikia pilau na viungo vyote, wewe unaomba mchele mbichi. Ile ya mwanzo ni mbaya, nakwambia mimi niliyeipiga. Ziko kwenye kadi, naziandaa, lakini kazi zimebana. Picha inayokaa sebuleni kwa mama mkwe ikasifiwa na wageni, unataka ya nini nyingine?

Mimi nipo pale pale, chumba cha nyuma ya steshenari ya Eunice. Siku za kazi watu wanajaa, picha za vyeti, kurudufu, kelele mpaka jioni. Jumapili anafunga, basi nabaki na printa. Nimeizoea. Ina tabia ya kukohoa kabla ya kufanya kazi, kama Bibi.

Mama nilipompigia alisema "haya" mara nne akakata. Labda salio.

Nikipata nafasi nitakuja Chato kukuona. Mwezi ujao, au ule mwingine.

Jilala


Chato,
15 Septemba 2024

Jilala,

Marahaba. Sote wazima. Damian alituma salamu, bado hajapata likizo. Mvua imeanza kudondoka na Mama Damian amepanda maharage.

Leo sikuandikii ya salamu. Nimeamua kukuambia kwa sababu naona unazunguka.

Mama alisema atakuja kunitembelea baada ya mavuno ya pamba. Tulipanga kabla sijaondoka, mimi na yeye, tukiwa tunachambua mchele wa harusi. Pamba imevunwa, imekwisha, Mama hajaja. Nikampigia. Akaniambia amechoka. Nikampigia tena, akaniuliza, kwani unanihitaji? Nilishindwa kumjibu maana Mama Damian alikuwa amekaa pale na kisamvu chake.

Aliyeniambia ukweli ni Mwamvua, jirani yetu wa Ngokolo, kwa simu, nikiwa dukani. Mama alizipeleka picha zako jumuiya. Zikapita mkono kwa mkono, wanawake wakaangalia ile ya mlangoni, halafu mmoja akamwambia Mama, wewe ulikuwa unalia peke yako kumbe.

Wewe unajua kwetu, umelelewa nyumba ile ile. Bibi harusi hatoki kwa mama yake anacheka. Anainamisha macho, analia machozi yakiwepo, yasipokuwepo ananuna, ili watu wasiseme mama yule alilea mtoto aliyekuwa anasubiri mlango ufunguliwe. Na mimi sikununa kwa kujilazimisha, Jilala. Nililia mpaka poda ikashuka shingoni. Lakini Mama alikuwa amejifunika khanga, hakuniona. Wengine walikuwa nyuma yangu, wameona shela. Anachokijua Mama ni kile ulichompelekea wewe.

Nilimwambia nililia. Akaniambia, picha nimeiona, mwanangu. Nikamwambia Jilala ameichezea, kama alivyomwekea Bibi meno. Akasema meno yamechorwa, hata kipofu anaona, lakini kicheko kile ni cha Nelly, nimekizaa mwenyewe, nakijua.

Na kweli ni changu. Ndicho kinachoniuma. Huwezi kubishana na kicheko chako mwenyewe.

Kwa hiyo nirudishie uso wangu. Nitumie ile picha mbaya, nimpelekee Mama aone. Sitaki ya pili, sitaki uisafishe. Nakusubiri.

Nelly


Katoro,
20 Oktoba 2024

Dada Nelly,

Shikamoo. Nimechelewa mwezi mzima, najua. Karatasi hii ni ya nne, tatu za kwanza nilijaza utani.

Nilimpigia Mama nikamweleza yote, programu, kadi, kicheko cha ndoo. Alinisikiliza. Halafu akasema nina moyo mzuri kumfichia dada yangu. Basi uone nilivyo mwongo hodari, siku nikisema kweli hata mama yangu ananipongeza kwa kudanganya.

Picha hazipo, Dada.

Kadi yangu ni moja. Ile harusi ya Nyarugusu ilikuwa tarehe 13 Julai, asubuhi yake kadi imejaa, gari linapiga honi nje. Nikasema za Nelly nzuri nimeshazitoa, nikafuta zote, mia nne na kitu. Kwenye simu nilikuwa nahifadhi juu ya ile ile kila nikisafisha, kwa hiyo na huko ya mwanzo haipo. Fundi Eliya nimempelekea kadi mara mbili. Ametoa magari ya yule mnunuzi, yote saba. Wewe hakukutoa. Nilipokuandikia Agosti kwamba naziandaa, ulikuwa huna picha wiki sita tayari.

Kuna jambo jingine, hili sikumwambia hata Mama.

Ule uso sikuubadilisha kwa ajili ya ukuta wa Mama Damian. Siku ile mlangoni watu wote walikuwa wanaangalia gari, wewe ulikuwa unaangalia kamera. Maana yake ulikuwa unaniangalia mimi, na unalia. Pale sikuona kitu, nilikuwa nawaza flashi. Nimekuja kuona huku. Ili kutoa ubluu kwenye shavu lazima ulikuze, uso wako ulikuwa mkubwa kuliko sahani, na mimi niko nao siku tatu chumba hiki kisicho na mtu mwingine, napita na kidole njia ile ile chozi lilipopita kwenye poda. Kila nikiinua macho unaniangalia kama nimefanya kitu. Siku ya nne nikakitafuta kile kicheko cha ndoo. Nilipokibandika nikapata usingizi.

Wateja hawakuniomba, desturi naijua, wala sikusahau. Nilichoka kukuona unalia nikiwa siwezi kukujibu.

Nitukane kwa barua, usinitukane kwa simu. Na usininyamazie.

Mdogo wako,
Jilala


Chato,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Jilala,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika mpaka nikaichoma moto nusu yake, ya salamu. Nusu iliyobaki nilisoma tena kesho yake. Sasa hivi niko katikati.

Nami nikuambie nililokuwa nazungukia. Damian amekuja nyumbani mara moja tu tangu harusi, siku nne. Si mtu mbaya. Ni mgeni kwangu, na mimi kwake, tunaombana samahani tukipishana mlangoni. Nyumba ni kimya. Mama Damian haongei mengi na mimi nilidhani ananichukia. Na juu yetu sote wawili yuko yule mwanamke anacheka na meno yote. Nikikaa kimya kidogo, wageni wanamwangalia yeye, wananiangalia mimi, wanauliza, bibi harusi umepatwa na nini? Nimechoka kuulizwa nimepatwa na nini na watu wanaoangalia picha.

Ulipoandika kwamba hazipo, nikakaa siku nyingi sijui la kufanya. Halafu wiki iliyopita nilitumwa sokoni chumvi. Pale karibu na stendi kuna kibanda cha picha za pasipoti, shuka jeupe na stuli. Sikuwa na fomu yoyote ya kujaza. Nikaingia tu, nikakaa. Yule kijana akaniambia, dada usicheke, angalia mbele, ukicheka ofisini wanaikataa. Jilala, tangu nifike Chato hakuna mtu aliyeniambia neno la kunipumzisha kama hilo. Niliangalia mbele kwa raha zangu zote bila kucheka.

Anatoa nne nne. Moja nimeichomeka pembeni ya fremu ile kubwa, kwenye kona ya chini. Nilingoja nione. Siku mbili Mama Damian hakusema kitu. Ya tatu akavaa miwani, akasimama hapo, akaniita.

"Huyu ndiye ninayeishi naye," akasema. "Yule mkubwa sijawahi kukutana naye."

Nikamweleza habari ya mlangoni. Akanisikiliza amesimama na magoti yake yale. Akaniambia na yeye alipoletwa hapa alilia wiki mbili, na mama mkwe wake akamwambia aende akalilie shambani ili machozi yasaidie mihogo. Nilicheka. Alicheka. Picha hakuishusha, wageni wake wameizoea, ila amegeuza viti. Sasa jioni tunakaa wote wawili tumeipa mgongo.

Ya pili nampa Damian akija. Mbili nakutumia wewe humu. Moja ni yako, huo ndio uso, na usiuguse. Nyingine mpelekee Mama. Usiitume kwa Charles, ipeleke kwa miguu yako. Haithibitishi kitu, najua, haikupigwa siku ile. Mpe tu aone niko namna gani.

Nelly


Ngokolo, Shinyanga,
Jumamosi, 21 Desemba 2024

Dada Nelly,

Shikamoo. Naandikia mezani kwetu, ile yenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usinisingizie shule. Nilifika juzi. Bibi Limi hajambo, anakusalimu, anauliza yale meno nimeyapeleka wapi maana alishaanza kuyazoea.

Yangu nimeiangalia sana njiani. Yule kijana wa Chato hajui kazi. Mwanga wake uko upande mmoja, shavu la kushoto lina kivuli, shuka lina mkunjo nyuma ya sikio lako. Mkunjo ule ningeutoa kwa dakika moja. Nilitoa simu pale Kahama tukingoja abiria, nikaiangalia, nikairudisha mfukoni. Sikuugusa. Picha nimeiweka kwenye leseni yangu ya pikipiki, ambayo bado sijaipata, yaani kwenye mfuko wake.

Kwa Mama nilifika nimejipanga. Nilikuwa na maelezo marefu, nimeyarudia kwenye basi kama shairi la darasa la nne. Nikampa picha, nikaanza. Akaniambia ninyamaze. Akatoka nayo hadi mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza, akaiweka mbali, akaileta karibu. Alikaa nayo muda wa kuchemsha maharage. Mimi nikaona niendelee kujitetea, nikasema Mama, naapa hakucheka, ni mimi.

"Sikuulizi alicheka au alilia," akasema, hajaniangalia. "Nakuuliza anakula nini huko. Mbona amekonda hivi?"

Nikasema sijui. Kweli sijui, Dada, tangu Agosti nakuahidi nakuja na sijaja.

Akasema wabeja, asante ile ya kwetu, kama anavyomwambia mtu aliyemletea mzigo, akaingia ndani. Nikadhani ameenda kulala. Kumbe anatoa gunia chini ya kitanda. Jana kutwa tulikuwa tunafunga michembe ya viazi vikavu, karanga, na mchele wa kutosha jeshi. Mwamvua alipokuja kuuliza safari ya wapi, Mama alimjibu anakwenda kwa mwanaye na hana muda wa kupiga hodi kabla. Ile picha ndogo ameikunjia kwenye leso pamoja na kitambulisho. Ile seti yangu sijui ameiweka wapi na sikuuliza.

Mimi nimebaki na Bibi, zamu yangu. Nyumba ni kubwa kweli, hawakuwa wanatania. Nitakuja Januari, na safari hii nimeitaja tarehe kwa Mama ili nishindwe kukimbia: tarehe kumi na mbili. Nitakuja mikono mitupu, nikae tu.

Barua hii hakupewa Charles. Anayo Mama mwenyewe, kwenye pindo la khanga. Hajui kusoma lakini amenisimamia nyuma tangu nianze, ananiuliza kila mstari nimesema nini, na nusu ya niliyomwambia si yaliyoandikwa hapa.

Kama umeanza kuisoma naye bado amesimama mlangoni, ikunje. Mpokee mzigo.

Jilala